Maji ya Kutazamwa

Ilikuwako nchi moja, na kama bado iko anayejua ni Mwenyezi Mungu, maana jina lake wakubwa walikuwa wakilibadilisha kila walipokasirika, na hasira zao zilikuwa za karibu karibu. Nchi hiyo haikuwa na maji. Hilo halisemwi kwa ubaya. Mabomba yalikuwapo, tena mengi, ila yalitoa upepo, na watu walikwisha kuzoea kuweka ndoo chini ya bomba asubuhi na kuiondoa jioni ikiwa imejaa mlio.

Serikali ilipoiona shida ya watu wake haikulala. Iliunda wizara. Ikaitwa Wizara ya Chemchemi na Utulivu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza kwa nini wananchi wananung'unika. Wataalamu wakazunguka miezi minane, wakarudi wamenenepa, na jibu lao likasomwa redioni: wananchi hawanung'uniki kwa kukosa maji, wananung'unika kwa kuwa hawajayaona siku nyingi. Mtu akiyaona maji yakiruka, moyo wake hupoa. Basi ikaamriwa kila mtaa ujengewe chemchemi ya bustani, na maji yote ya wilaya, yale machache yaliyokuwa yakifika kwa malori, yamiminwe humo yakatazamwe.

Kitabu kidogo kikagawiwa nyumba kwa nyumba. Kiliitwa Aina na Manufaa ya Chemchemi za Bustani, na kwenye jalada alikuwapo Mtulizaji Mkuu wa Taifa akitabasamu nyuma ya manyunyu. Aina zilikuwa nne. Ya ukutani, ambayo maji hutoka kinywani mwa simba wa saruji, hiyo ilikuwa ya maofisi. Ya ngazi, ambayo maji hushuka kutoka sahani hadi sahani, hiyo ilikuwa ya waheshimiwa, na kitabu kilieleza kwa picha kwamba sahani ya juu ndiyo hujaa kwanza, na ya chini kabisa huvumilia. Ya bwawa, yenye samaki wekundu, hiyo ya wageni kutoka nje. Na ya mwale, ambayo pampu ya nguvu za jua huyarusha maji juu yakarudi palepale yalipotoka. Hiyo ndiyo ya wananchi.

Manufaa yalikuwa saba. Hupoza hewa. Huita ndege. Hushusha presha. Hupendezesha mtaa. Hufundisha watoto subira. Huongeza usingizi. Na la saba, ambalo lilichapwa kwa wino mzito: sauti yake hufunika kelele zisizotakiwa.

Mtaa wa Karavati ulipata ya mwale. Nyumba zikapangiwa zamu, robo saa mara mbili kwa wiki, watu wakae benchini watulie. Ukimaliza unajaza fomu, unaeleza ni manufaa gani umeyapata. Aliyeandika kuwa hakupata kitu alirudishwa benchini akae mpaka apate. Kwa njia hiyo mtaa mzima ulinufaika, na Wizara ikapewa nishani.

*

Katika mtaa huo aliishi Bi Mwanatumu, mjane wa fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mwosha maiti wa wanawake. Masomo yake yaliishia darasa la saba, msahafu wake ulikuwa umelika pembeni kwa kufunuliwa, na macho yake yalikuwa ya mtu asiye na haraka. Kila mwanamke aliyefariki Karavati alipita mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia akisimulia alichokiona. Kwenye fomu ya chemchemi aliandika neno moja tu kila wiki: Alhamdulillahi. Karani hakujua hilo ni manufaa namba ngapi, akawa analigawa nusu kwenye usingizi, nusu kwenye presha.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Bi Salha, rafiki yake tangu wote wawili wakiwa wari. Salha alikuwa kitandani wiki ya tatu sasa, na kwa siku kumi na moja hakuwa ameoga. Binti yake, Rukia, alimpangusa kwa kitambaa kilichopitishwa alfajiri juu ya bati la paa, kabla jua halijaunywa umande.

Jumatatu jioni mgonjwa alifungua macho.

"Mwanatumu."

"Abee, shoga."

"Siku yangu ikifika, usinipake vumbi."

"Nani kakwambia utapakwa vumbi?"

"Mwanaisha wa kona alipakwa."

"Mwanaisha alikufa lori limekwama wiki mbili. Hapakuwa na tone."

"Mimi nimeishi na vumbi miaka yote, shoga. Machoni, kwenye sufuria, kwenye godoro. Sitaki niende nalo na huko. Niahidi."

Bi Mwanatumu aliziogopa ahadi, hasa zile anazopewa mtu ambaye hatakuja kukukumbusha.

"Nitakuosha kwa maji, inshallah. Mara tatu, kama inavyotakiwa."

"Na mgongo unisugue."

"Nikusugue mgongo uniletee uvivu! Lala huko."

Salha akacheka kwa pua, maana kifua hakikuwa na nafasi. Alfajiri ya Jumatano, adhana ikiwa haijamalizika, akafariki.

*

Jumatano hiyo ilikuwa siku ya kuzindua chemchemi ya Karavati. Ni kweli ilikuwa inaruka tangu miezi mitano nyuma, lakini kisheria ilikuwa bado haijaanza, na watu waliokuwa wametulia walikuwa wametulia kwa majaribio tu. Mtulizaji Mkuu wa Taifa mwenyewe angefika saa tisa alasiri. Vigogo vya miti vilipakwa chokaa. Mbuzi walihamishwa.

Wanawake wa mtaa walizunguka kutafuta maji ya kumwoshea marehemu. Walirudi na nusu jagi yenye ukungu wa chai, kopo la maji ya betri, na kichupa cha zamzam cha Bi Mgeni, mwenye nyumba ya tatu, aliyekuwa amekiweka miaka tisa kwa ajili ya siku yake mwenyewe. Alikileta kimefungwa kwenye leso. Bi Mwanatumu akakirudisha kwenye leso hiyohiyo, akambusu mkono.

Sheria ya dini katika jambo hili iko wazi hata kwa mtu wa darasa la saba. Maji yakikosekana, maiti hutayamamiwa, yaani hupakwa vumbi safi usoni na mikononi, na Mungu hupokea. Sharti ni maji yakosekane. Na kutoka dirisha la chumba alicholala Salha, maji yalikuwa yanaonekana. Yaliruka urefu wa nguzo ya umeme, yakafunguka kama kanga inayokung'utwa, yakarudi chini yakicheka.

Rukia alikuwa amekaa chini karibu na miguu ya mama yake.

"Tumpake tu, mama mdogo," alisema. "Mungu anajua hali yetu."

"Anajua na hali ya lile dirisha," Bi Mwanatumu alijibu. Akajitanda ushungi, akaenda ofisini.

*

Mkuu wa wilaya katika nchi ile aliitwa Mtulizaji wa Wilaya. Wa hapo alikuwa Bwana Kitwana, mtu wa makamo mwenye leso tatu, moja ya jasho, moja ya machozi ya hadhara, na moja ya mfuko wa koti. Bi Mwanatumu alimkuta akiifanyia mazoezi hotuba yake mbele ya kioo.

"...maji ambayo hayakunywewa ndiyo maji yaliyoheshimiwa!" alikuwa akisema. Akamwona kwenye kioo. "Ndiyo, bi mkubwa?"

"Tumefiwa, bwana. Bi Salha wa nyumba ya pili kutoka hapo kwenye bustani."

"Pole sana. Serikali imeguswa." Akaishika leso ya pili, akaiacha. "Ila ameondoka siku mbaya."

"Hakuichagua, mwanangu."

"Azikwe kabla ya saa tisa. Mheshimiwa hawezi kupita mbele ya turubai la msiba. Itaonekana kama kwamba watu wa hapa hufa."

"Tutamzika, inshallah. Naomba ndoo sita za maji nimwoshe."

Bwana Kitwana akacheka kidogo, kwa upole, kama mtu aliyeombwa ndoo sita za mawingu. Akafungua kitabu cha kanuni.

"Kanuni ya nne. Maji yaliyomo kwenye chemchemi ni maji ya kutazamwa. Hayanywewi, hayafuliwi, hayaogwi, wala mtu hatalazimika kuyafikiria kwa matumizi mengine. Mtayamamieni. Dini yenu, kwa hekima yake, imetoa nafasi."

"Nafasi hiyo ni ya asiye na maji, bwana. Mimi maji nayaona. Tena ni nyinyi mlioniamuru niyaone, mara mbili kwa wiki."

Bwana Kitwana akatazama saa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza saa sita. Akapiga simu, na muda si muda gari lenye vioo vyeusi likamleta Shehe Badi, mshauri wa dini wa Wizara, aliyekuwa na ndevu nzuri na ofisi yenye chemchemi ya simba.

Shehe Badi alisikiliza kesi yote amefumba macho.

"Suala ni jepesi," alisema. "Serikali ikithibitisha kwa maandishi kwamba maji hayapo, basi hayapo. Mimi ni nani nibishane na muhuri? Vumbi litafaa."

Bi Mwanatumu alimtazama mpaka shehe akakiweka sawa kilemba chake ambacho hakikuwa kimepinda. Kutoka dirishani sauti ya maji iliingia, mfululizo.

"Shehe, unayasikia?"

"Nasikia utulivu," alisema Shehe Badi.

"Haya, andikeni," alisema Bi Mwanatumu. "Ila andikeni yote. Nikitamka hakuna maji hali yale yanaruka, nitakuwa nimesema uongo mbele ya maiti. Andikeni yale nayo ni nini."

"Tutaandika, tutaandika," alisema Bwana Kitwana, akaandika mbio, maana nje walishaanza kupanga viti. Hati ilisomeka hivi:

Mimi Mtulizaji wa Wilaya nathibitisha kwamba katika Mtaa wa Karavati hakuna maji. Kilichomo ndani ya chemchemi ya bustani, na kinachoonekana kuruka, si maji kwa maana yoyote ya sheria za nchi. Kibali cha maziko kimetolewa kwa nguvu ya hati hii.

Sahihi. Muhuri, mara mbili, maana wa kwanza ulitoka hafifu.

Bi Mwanatumu alitoka bila hila yoyote moyoni. Alikuwa na karatasi tu. Lakini alikuwa msomaji wa polepole, wa kufuata mstari kwa kidole, na alipofika mbele ya bustani ndipo kidole chake kilipofika kwenye sentensi ya pili. Akasimama. Akairudia. Akatazama mbinguni, si kwa kuomba, kwa kuhakikisha tu kama na huko wameisoma.

*

Mlinzi wa chemchemi aliitwa Makame. Alikuwa na rungu, filimbi, na kibao cha mbao kilichosema: MARUFUKU KUCHOTA MAJI. Alipowaona Bi Mwanatumu na wanawake sita wenye ndoo wanakuja, aliiweka filimbi mdomoni.

"Bi Mwanatumu, tafadhali. Leo si siku. Nikipuliza hii wanakuja wenye bunduki."

"Usipulize kwanza, baba. Soma."

Makame akasoma. Midomo yake ilikwenda kila neno. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Inasema si maji."

"Ndivyo inavyosema."

"Sasa unataka kuchota nini?"

"Karatasi haikusema ni nini. Imesema si maji tu."

Makame akakitazama kibao. Akaitazama hati. Akautazama mwale unaoruka, na manyunyu yake yakamgusa usoni. Mama yake mzazi alioshwa na mwanamke huyu miaka minne iliyopita.

"Mimi nimewekwa hapa kulinda maji," alisema taratibu. "Kama hapa hakuna maji, basi tangu asubuhi nasimama bure." Akaliegemeza rungu kwenye mti, akageuka upande wa barabara, akaanza kutazama viti vikipangwa. "Chukueni haraka hiyo... hicho... chukueni."

Wakachota ndoo sita. Mmoja wao, Bi Mgeni, alitia kidole akakilamba, akafumba macho.

*

Karavati walikuwa na desturi yao. Kitanda cha kuoshea huwekwa juu ya mfuo, handaki fupi lililosakafiwa, na maji yote yanayompitia marehemu hushukia humo. Hayamwagwi ovyo, hayakanyagwi. Yanangoja mpaka wanaume warudi kutoka makaburini, ndipo mwoshaji anayafukia kwa udongo na kuyasomea, maana maji hayo yamemgusa mtu mara ya mwisho, na yamejua mambo yake.

Shuka zikatundikwa. Rukia akashika kata. Bi Mwanatumu akaanza upande wa kulia, kwa bismillahi, kwa povu la majani ya mkunazi yaliyotwangwa. Mara ya pili kwa maji matupu. Mara ya tatu kwa kafuri, na harufu yake ikatoka nje ya shuka, ikapita uani, na kila aliyeisikia akajua walikofikia. Vumbi la siku za ugonjwa likatoka. La miaka mingi nalo likatoka. Alipomgeuza ubavu, Bi Mwanatumu alichukua muda mrefu mgongoni kuliko inavyotakiwa, akasugua kwa kiganja, mviringo mviringo. Rukia aliona akageuza uso. Mengine aliyoyaona Bi Mwanatumu ni yake na Salha.

Baada ya adhuhuri jeneza likatoka. Wanaume wakalibeba kwa mwendo wa haraka, turubai likaangushwa, na wanawake wakabaki uani na mfuo uliojaa, wakingoja.

Waliofika wa kwanza hawakuwa wanaume wao.

*

Chemchemi ya mwale ina tabia yake. Ndani ya birika kuna alama nyekundu, na maji yakishuka chini ya alama hiyo pampu hukohoa. Saa nane kasoro robo, pampu ya Karavati ilikohoa. Mwale ukashuka ukawa wa kimo cha mtu, ukashuka ukawa wa kimo cha mbuzi, ukawa unatema tu kama mzee aliyenyimwa tumbaku. Lori la maji lilikuwa safari ya siku mbili. Mtulizaji Mkuu alikuwa safari ya saa moja.

Bwana Kitwana aliingia uani na askari watatu, makarai, na leso zote tatu zimelowa. Mkononi alikuwa na karatasi mpya.

"Hati ya asubuhi imefutwa," alisema. "Imefutwa tangu kabla haijaandikwa. Kwa hiyo yale yalikuwa maji, na mlichofanya ni kuchota. Yarudishwe. Yaleyale."

"Yamo humo," Bi Mwanatumu alisema, akaonyesha shuka. "Lakini hayo yamekwisha kazi yake, bwana. Hayo ni ya marehemu sasa."

"Maji ni maji."

"Asubuhi hayakuwa."

"Asubuhi ilikuwa asubuhi!" Akashusha sauti. "Bi mkubwa, nisaidie. Yana rangi?"

"Hayana."

"Yana harufu?"

"Ya kafuri."

"Kafuri ni harufu nzuri. Askari, ingieni."

Wanawake wakasimama mbele ya shuka, mabega kwa mabega. Bi Mgeni alikuwa na mchi mkononi, na haikujulikana kautoa wapi.

"Mwanamume akivuka hapa," alisema, "ataoshwa yeye."

Askari wakatazamana. Hapo Bwana Kitwana akafanya lililomtoa jasho hata yeye mwenyewe. Hakupaza sauti. Alisoma mstari wa mwisho wa karatasi yake: kwa kuwa kibali cha maziko kilitolewa kwa nguvu ya hati iliyofutwa, kibali nacho kimefutwa, na marehemu, popote alipofika, atarudishwa nyumbani kusubiri kibali kipya, ambacho hutolewa siku za Jumatatu.

"Gari liko njia ya makaburini," alisema. "Linangoja simu yangu. Sipendi, bi mkubwa. Wallahi sipendi."

Rukia akamshika Bi Mwanatumu mkono.

"Mama mdogo, wasimtoe. Wasimfukue mama yangu."

Bi Mwanatumu alipima pande mbili. Ahadi yake alikuwa ameitimiza. Salha alikuwa anashushwa kaburini safi. Kumrudisha, apitishwe barabarani kwenye jua, alale nyumbani siku tano akingoja Jumatatu, hilo hapana. Kwa upande wa pili yalikuwapo maji haya, ambayo katika miaka ishirini na sita hakuwahi kuyaacha bila kuyafukia.

"Nakwambia mara ya kwanza," alisema, "haya ni maji ya maiti, na hayafai kuchezewa. Nakwambia mara ya pili. Nakwambia mara ya tatu, na Mungu anasikia, na hawa wanasikia."

"Nimesikia," alisema Bwana Kitwana, kwa sauti ya mtu anayetamani asingesikia.

"Makame aingie peke yake. Na wengine mgeuze nyuso."

Makame akaingia na karai huku machozi yanamshuka. Akachota. Bi Mwanatumu alisimama juu yake akisoma, karai kwa karai, mpaka mfuo ukabaki na unyevu tu. Huo akaufukia kwa mikono yake.

*

Saa tisa barabara Mtulizaji Mkuu wa Taifa aliwasili. Watu wote wa Karavati walikuwa vitini, waliofiwa pia, maana tangazo lilisema wafiwa wanahitaji utulivu kuliko wengine. Wanaume waliotoka makaburini walikaa na udongo kwenye kanzu zao.

Bwana Kitwana alihutubu kwa ufupi ambao haukutarajiwa. Utepe ukakatwa. Pampu ikavuma, ikasita, ikameza. Mwale ukapanda, urefu wa nguzo ya umeme, ukafunguka.

Lakini safari hii ulikuwa na povu. Povu jepesi, jeupe, lililopeperuka na kutua mabegani mwa waheshimiwa kama maua. Na baada ya povu ikafuata harufu.

Hakuna mtu Karavati asiyeijua harufu ya kafuri. Ilipita mstari wa mbele, ikapita wa pili, na popote ilipopita watu walinyamaza, kisha wakanong'ona. Bi Mgeni alianza, na waliokuwa karibu naye wakapokea, na wanaume wakapokea, mpaka bustani nzima ikawa inasema kwa sauti ya chini, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mtulizaji Mkuu alidhani ni wimbo wa mapokezi. Akapunga mkono.

Kisha akasogea karibu. Akavua miwani, akainua uso kwenye manyunyu, akavuta pumzi ndefu, akaishikilia.

"Ah!" alisema kwenye kipaza sauti. "Nimezindua chemchemi za ukutani, za ngazi, za bwawa. Sijawahi kupata utulivu kama huu. Nahisi kama sina mwili! Kuanzia leo hii ni aina ya tano. Iandikwe kitabuni: Chemchemi ya Manukato. Naitaka kila mkoa. Naitaka nyumbani kwangu."

Makofi yakapigwa na walioletwa kupiga makofi. Shehe Badi alikuwa amefunika pua kwa kilemba, na alipoona anatazamwa akakishusha, akapiga na yeye.

Katibu wa Mtulizaji Mkuu, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili, alimfuata Bwana Kitwana akataka kujua manukato hayo hutengenezwaje. Bwana Kitwana akaelekeza kidole kwa Bi Mwanatumu, kisha akaanza kuangalia viatu vyake.

"Bi mkubwa," alisema katibu, "hongera sana. Tunahitaji maelekezo. Kinachotiwa humo ni nini?"

"Majani ya mkunazi," alisema Bi Mwanatumu.

Katibu akaandika. "Kiasi?"

"Konzi mbili, yatwangwe. Na kafuri, ya kujaa kiganja."

"Kafuri, kiganja. Hivyo tu?"

Hakuwahi kusema siri ya maiti, na hakuwahi kusema uongo, na sasa alikuwa anadaiwa kimojawapo. Akachagua maneno yasiyo na jina la mtu.

"Hivyo ni vya kununua, bwana, utavipata dukani. Ila maji yenyewe lazima kwanza yamwoshe maiti."

Alingoja kijana yule ashtuke. Alingoja kalamu ianguke. Aliliona hilo kama mlango: mtu akishtuka, unaweza kusema naye.

Kalamu haikuanguka. Iliandika.

"Maiti," alisema katibu, bila kuinua kichwa. "Mmoja kwa kila chemchemi?"

Bi Mwanatumu aligeuka, akamtafuta Rukia kwa macho.

"Tuseme mmoja. Maana mwaka huu tumepanga chemchemi kumi na mbili, na ya nyumbani kwa Mheshimiwa ya kumi na tatu." Akapiga mstari chini ya namba. Halafu akainua macho, akawatazama watu wa Karavati waliokaa vitini, kimya, wametulia kama ilivyoagizwa. Akaanza kuhesabu mstari wa mbele, mtu mmoja mmoja, kutoka kushoto, bila haraka.

Rukia alikuwa wa nne. Bi Mwanatumu akavuta ushungi wake, akapita mbele ya watatu wa kwanza, akasimama mbele ya Rukia.